Nichome Shamba Kwanza

Kila mwaka wanapoanza kuchoma mashamba huku Nanganga, wajukuu wangu hukimbilia kufunga madirisha, na mimi hutoka nje. Nabeba kigoda changu, nakaa upande ule upepo unakotokea, navuta moshi kwa pua mpaka machozi yananitoka. Wananicheka. Yule mkubwa, mwenye mdomo kuliko wenzake, husema bibi huyu amezeeka vibaya, bibi za watu wanavuta ugoro, wa kwao anavuta vichaka. Nawaacha wacheke. Moshi wa shamba si moshi wa jikoni, jamani, wala si wa takataka. Una majani makavu ndani yake, una magome ya miti, una udongo uliokaa juani muda mrefu, na kwa mbali una harufu ya muhogo uliosahaulika jivuni. Ukinifika tu, nakuwa mtoto wa Makote tena, nimeshikwa mkono na mama yangu, tunakwenda ukingoni kumwangalia bibi.

Nitawaeleza. Msiwe na haraka, maana mimi mwenyewe jambo hili lilinichukua miaka kulielewa, na nyinyi mnataka mlielewe kabla chai haijapoa.

Mimi ni Somoe. Nilizaliwa Makote, huko juu Newala, miaka ile Mwingereza alipokuwa bado anapandisha bendera yake kila asubuhi pale boma. Baba yangu alikuwa mkulima wa hapo hapo, yeye na wazee wake, watu wa korosho na muhogo. Mama yangu hakuwa wa hapo. Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda ule mwingine wa Wamakonde, upande wa Mreno. Ukimtazama tu hukujua. Alilima kama sisi, alitwanga kama sisi, na chanjo za usoni mwake zilikuwa zile zile za bibi zetu wa Newala. Lakini akifungua kinywa, kwisha. Sisi tulisema Chimakonde, yeye akasema Shimakonde. Sisi chakulya, yeye shakulya. Kila sisi tulipoweka "chi" yeye aliweka "shi", na watoto wa jirani wakamwita Mama Shi. Wakubwa walimwita Mama Somoe akiwepo, akiondoka wakamwita Mmawia, mtu wa ng'ambo, neno ambalo kwa namna walivyolitamka halikuwa zuri. Mimi nilipigana sana kwa ajili ya hiyo "shi". Hapa kwenye kiwiko nina kovu la Hadija, binti wa jirani, aliyeniuma kwa meno siku nilipomtia mchanga kinywani ili asirudie kumwigiza mama.

Mama alivuka mto akiwa msichana, pamoja na mama yake mdogo, wakati wa kiangazi, maji yamepungua na mchanga umejitokeza katikati. Kwa Mreno watu walilimishwa pamba wasiyoila na kutengenezeshwa barabara wasizozipita, na aliyechelewa kazini alijua mwenyewe kitakachompata. Kwa hiyo watu walihama. Bibi hakuweza kuhama. Alikuwa na mama yake yeye, kikongwe asiyeweza kutembea, na mtu hamwachi mzazi wake ndani ya nyumba kama kinu kibovu. Aliwasindikiza mpaka mwisho wa shamba. Hakulia, mama alisema, wala hakuweka maneno mengi. Alisema hivi tu: "Tangulieni. Nichome shamba kwanza, nitakuja."

Yule mama mdogo alifia Makote kabla mimi sijazaliwa. Na kurudi ng'ambo hakukuwa na njia, maana waliotoroka wakirudi walikamatwa, na ndugu zao wakakamatwa pamoja nao. Basi katika nchi nzima ya Mwingereza mama hakuwa na mtu wa kwao hata mmoja ila mimi, na baadaye mdogo wangu Issa, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba alinipenda, lakini watu wa baba walinihesabu kuwa mtoto wa ng'ambo. Wenzangu walikuwa na wajomba wa kuwatetea na kuwaletea zawadi. Mimi wajomba wangu walikuwa upande wa pili wa mto, kama wapo.

Mama alipapenda kwao mpaka akachekesha. Tukikaa kula, muhogo ukiwa na uzi, yeye akiutoa uzi mdomoni alisema, "Muhogo wa kwetu hauna uzi."

"Huo wa kwenu unalimwa peponi?" baba aliuliza.

"Unalimwa kwetu."

Kumbikumbi wa kwao walikuwa wanene, ukiwakaanga mafuta yanatoka yenyewe. Ming'oko ya kwao, ile mizizi tunayochimba porini wakati wa njaa, ilikuwa mitamu hata wakati wa shibe. Mchanga wa kwao haukuingia kwenye ugali. Hata ngoma ya vinyago alituona hatuijui. "Hapa kwenu mtu anavaa sinyago, mimi namjua kwa miguu yake," alisema. "Kwetu sinyago likitokea, hata mke wa aliyelivaa anakimbia." Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Mama Somoe, nchi ni ile ile, imekatwa na mto tu. Maji hakuna kule, maji hakuna hapa. Unalilia nini?" Baba hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amelala maisha yake yote katika kijiji alichozaliwa, na mtu wa namna hiyo ukimweleza kiu ya kwenu anakuletea maji ya kunywa.

Siku moja tu nilimsikia mama akisema bila mzaha. Tulikuwa tunatwanga makopa ya muhogo, yeye na mchi wake mimi na wangu, tukipokezana. Akasimamisha mchi, akafuta uso kwa mkono wenye unga, akasema, "Somoe, nimechoka kuwa mgeni." Kisha akaendelea kutwanga. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nipo, lakini zamu yangu ya kutwanga ilikuwa imefika.

Sasa niwaambie habari ya moshi. Mkifika Newala mtaona pale ambapo ardhi inakatika ghafla, chini kuna bonde refu, mbali kuna mto, na mbali zaidi kuna mstari wa buluu. Mstari ule ndio kwao mama. Kila mwaka, mvua zikiwa hazijaanza, watu wa pande zote mbili huchoma mashamba, na moshi husimama kila mahali. Mama hakwenda siku hizo. Alingoja. Alisema mama yake haoni sababu ya kuchoma pamoja na watu. Huwaacha wote wamalize, hukusanya takataka zake fungu kwa fungu, polepole, ndipo anatia moto wakati wengine wameshaanza kusema ni mvivu. Kwa hiyo ng'ambo ikishatulia, mama aliniamsha alfajiri, tukatoka Makote tukaenda ukingoni na jua likatukuta njiani. Tulikaa kwenye majani makavu, tukala muhogo wa kuchoma, tukangoja. Kama si siku hiyo, basi tulirudi siku nyingine. Na siku moja moshi mmoja, peke yake, ulisimama kule kwenye mstari wa buluu.

"Yule pale," mama alisema. "Mama anachoma shamba."

Uso wake, jamani! Sijaona tena uso wa namna ile kwa mtu yeyote, hata kwa bibi harusi. Moshi ule ulimaanisha bibi yu hai. Na zaidi ya hapo ulimaanisha kwamba akishamaliza kuchoma atakuja, kama alivyoahidi. Nikirudi Makote niliwaambia wenzangu leo nimemwona bibi yangu. Hadija akauliza, yukoje? Nikasema mrefu, mwembamba, mweupe, juu amepinda kidogo. Hadija akaniamini.

Mama alikuwa na kaniki mpya. Baba alimnunulia katika duka la Mhindi mwaka mmoja korosho zilipokuwa nzuri, na mama badala ya kuivaa aliikunja akaiweka chini kabisa ya kikapu chenye mfuniko. Ilikuwa ya bibi. "Atafika nguo imemchanikia njiani," alisema. "Hawezi kuingia kijijini kwa watu na matambara." Kaniki ile ilikuwa nyeusi ya kuelekea buluu, ngumu, inanukia nili, na kama ungeishika kwa mkono wenye jasho ungeachiwa rangi. Nilichapwa kwa sababu ya rangi hiyo vidoleni. Mama mwenyewe alivaa kaniki kuukuu iliyopauka mpaka haikuwa na jina la rangi. Majirani walimsema kwa ubahili, yeye akaona sawa.

Njia ya watu kutoka mtoni ilipita karibu nasi. Walipita wanaume wa ng'ambo wakienda kwenye mashamba ya katani, manamba, na mizigo yao midogo kichwani na miguu imejaa vumbi. Mama aliwaita wote. Hakumwacha hata mmoja. Aliwapa maji, na maji ya kwetu hayakuwa ya mchezo, aliyabeba kichwani kutoka bondeni miaka yote kabla ya bomba la serikali kufika, kisha akawauliza: unatoka wapi, unapajua mahali fulani, unamjua mama fulani? Wengi walitoka mbali na kwao, hawakumjua. Walikunywa maji, wakashukuru, wakaenda. Baba alisema siku moja mama atawanywesha Ruvuma nzima. Mama alisema, "Mmoja atajua."

Mwaka ninaowaelezea nilikuwa nakaribia kuchezwa unyago. Mama alikuwa amejiwekea moyoni kwamba safari hii bibi lazima aje, au atume mtu, maana mtoto wa kike anatolewaje ndani mbele za watu bila mtu wa kwao kusimama? Wamtoe watu wa baba kama yatima? Alilisema jambo hili kila siku, akipika, akipalilia, hata akinichana nywele, na kila alipolisema alinivuta nywele kwa nguvu zaidi.

Mashamba ya ng'ambo yalikuwa bado hayajatulia. Mabibo yalikuwa yameanza kuiva, kila mahali ile harufu tamu yenye ukali inayoita nzi. Mama alikuwa anatwanga, mimi natenganisha korosho na mabibo, mara nyuma ya ua sauti ya mwanamume ikabisha hodi na kuomba maji ya kunywa. Aliomba kwa "shi". Mchi ulimponyoka mama. Kweli, uliruka ukaenda kumpiga kuku, na kuku akapiga kelele kwa niaba yetu sote.

Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi ndevuni, na fimbo. Mama akamuuliza atokako, akataja mahali. Mama akauliza tena kama mtu asiyesikia vizuri. Akataja tena. Mama akataja jina la mama yake, na yule mgeni akamwangalia, akasema, "Kumbe ndiye wewe. Nyumba yetu na yenu katikati lipo shamba moja tu."

Loo! Mama alinishika bega akanisukuma mbele. "Msalimie mjomba wako!"

Mjomba! Mimi! Nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito. Nilikuwa sijawahi kulitumia neno lile kwa mtu yeyote, na nilipolitamka nilihisi nimekua.

Nikatumwa kigoda, nikaleta. Nikatumwa maji, nikaleta kwa kata safi. Mgeni akanywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Mama alikuwa amekaa chini mbele yake, mikono magotini, lakini hakumharakisha, mgeni haharakishwi. Alipoweka kata chini, mama akauliza kwa sauti ya adabu, "Habari za kwetu?"

"Salama," mgeni akasema.

"Na za nyumbani kwa mama?"

"Salama tu."

Mimi hapo sikungoja zaidi. Ningengoja nini? Miaka yote swali lilikuwa hilo, na jibu lilikuwa hilo. Niliruka, nikapita nyuma ya nyumba, nikakimbia mpaka bombani. Bomba lilikuwa jipya siku zile, na wanawake wa Makote wote walikuwa pale na madebe yao, wakingoja zamu na kusengenya. Nikapiga kelele kabla sijawafikia: bibi yangu yu salama! Amekuja mjomba wangu kutoka kwetu, amesema bibi yu salama!

Msiwadharau wanawake wa Makote. Walimwita mama Mmawia, ndiyo, lakini walikuwa wamemwona miaka yote akiwaita wapita njia, na kila mmoja wao alikuwa na mama. Mama Hadija, mwenye kigelegele kilichoweza kusikika boma, alikuwa wa kwanza. Wakaacha madebe kwenye mstari. Mstari wa maji, jamani, mtu anauacha kwa msiba au harusi tu! Wakaja kwa mwendo wa ngoma, vigelegele vimeshika njia nzima, wanaimba jina la mama, na mimi nimetangulia mbele yao, mwenye habari, nimetuna kama chura.

Tulipoingia uani mgeni alikuwa amekaa vile vile, ameinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti. Mama hakuwepo. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mama Hadija akapiga kigelegele kingine, kirefu, mlango ukafunguka, mama akatoka.

Alikuwa amevaa kaniki mpya. Ile ya bibi. Mikunjo yake ilikuwa bado imesimama kama ilivyotoka kikapuni, na rangi ilikuwa imeshaanza kumshika mabegani. Macho yake yalikuwa mekundu, na sisi tulijua kwa nini, furaha nayo ina machozi. "Leo ndiyo leo!" wanawake walipiga kelele. "Hongera, Mama Somoe! Mama yu salama! Hata kaniki imetoka!"

Yule mgeni akainuka. Akafungua kinywa. Mama akamwambia maneno machache kwa Shimakonde, haraka, na mgeni akafunga kinywa akakaa. Niliyasikia maneno yale. Alisema, "Mwache mtoto." Nilidhani mgeni alitaka kunigombeza kwa kukimbia bila kuaga, na mama ananitetea, nikampenda zaidi.

Kisha mama akanitazama. Mimi nilikuwa katikati ya wanawake, nimeshikwa mikono, natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Alinitazama kwa muda. Akawageukia, akasema, "Ahsanteni. Karibuni mketi."

Baba alirudi kutoka shamba akazikuta kelele, akaambiwa, akacheka kwa sauti, akamkamata kuku yule yule aliyepigwa na mchi, akamchinja. Mama akamnyonyoa. Alinyonyoa kuku, akasonga ugali, akawawekea wanawake, akamwekea mgeni. Mgeni alimega tonge moja, akalishika mkononi, hakulila. Akaaga akisema ana safari. Nilimwona hana adabu: umechinjiwa kuku unaondoka? Alipopita aliniwekea tena ule mkono mzito kichwani.

Kesho yake mama alinyoa nywele zake zote. Baba alishangaa. Mama alisema chawa. Akaniita na mimi, nikalia sana, nywele zangu zilikuwa nzuri na sikuwa na chawa hata mmoja, nikamwambia atafute. Hakutafuta. Aliniweka katikati ya magoti yake akaninyoa, taratibu sana, akininyunyizia maji ya uvuguvugu. Hadija aliniita kichwa cha embe mpaka nywele zilipoota.

Kuanzia siku ile aliivaa kaniki ile shambani, bombani, jikoni. Ilichuja, ikamwachia buluu shingoni na mabegani, na nikimwegemea jioni ikaniachia na mimi shavuni. Nilifurahi. Nilisema moyoni mama sasa ameacha ubahili, amejua bibi yu salama, ataletewa nyingine. Na jambo jingine: aliacha kuwaita wapita njia. Manamba walipita na "shi" zao, wakiomba maji aliwapa, akarudi kwenye kazi yake. Hakumuuliza mtu kitu. Hili nalo nililielewa vizuri sana kwa akili yangu ya kitoto. Mtu aliyeshapata jibu anauliza nini tena?

Mimi ndiye niliyemvuta kwenda ukingoni. Yeye hakunikumbusha hata mara moja. Ng'ambo ilipotulia nilimwambia, mama, twende tukamwone bibi. Akasema ana kazi. Nikalia, akatwaa muhogo, tukaenda. Tulikaa pale pale. Moshi mmoja ulipojitokeza kwenye mstari wa buluu niliruka.

"Yule pale, mama! Kachelewa kama kawaida yake!"

"Ndiyo," mama alisema. "Kachelewa."

Nikachezwa unyago, nikatolewa na watu wa baba. Nilimlaumu bibi. Nilimwambia mama, kila mwaka shamba, shamba gani hilo lisilokwisha? Mama alinifunga kitambaa kichwani akasema bibi ana kazi nyingi. Na kila mwaka nilimpeleka ukingoni, mpaka nilipoolewa. Miaka yote hiyo nilimwonyesha moshi kwa kidole, na yeye kila mara akasema ndiyo.

Niliolewa huku Nanganga, bondeni, barabarani, mahali ambapo huoni mbali kuliko mkorosho wa jirani. Bendera ya boma ilishabadilika, tukawa watu wa nchi yetu wenyewe. Ng'ambo vita vikaanza, watu wakavuka kwa makundi, na niliambiwa mama aliwapa maji na kukaa kimya. Nilizaa. Na siku moja, msimu wa mabibo, akashuka kwenye lori ndugu yangu Issa, aliyenifuata ziwa, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimkimbilia. Nikampa kigoda, nikampa maji. Binti yangu mdogo alikuwa karibu, amempigia mjomba wake magoti, amepata pipi yake, anamtazama kama mtu anayetazama sikukuu.

Issa akanywa taratibu. Akapumzika. Akanywa tena. Akaweka kata chini.

"Habari za Makote?" nikauliza.

"Salama," Issa akasema.

"Na za nyumbani kwa mama?"

"Salama tu." Akakohoa. Akaishika ile kata akaigeuza, akaigeuza tena.

Mnajua tulivyo. Mtu wa kwetu hawezi kumwangushia mwenzake msiba mlangoni. Hata kama ameacha maiti ndani, akiulizwa habari lazima aseme kwanza salama, ili mwenzake apate pumzi, ndipo baada ya ile salama yafuate mengine. Nilikuwa nimelijua hilo kwa muda mrefu, nimelisema mwenyewe kwa watu. Lakini sikuwa nimewahi kuirudisha akili yangu nyuma mpaka uani kwetu Makote, kwa yule mzee mwenye mvi ndevuni, aliyekunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Hapo juu ya mkeka, mbele ya Issa, ndipo nilipomsikia akimaliza. Kaniki. Nywele, zilizonyolewa kama za wafiwa. Kuku yule mama aliyemnyonyoa kwa mikono yake. Vigelegele nilivyomletea mlangoni, na yeye ndani analia kimya, akijua kwamba akisema neno moja, mtoto wake ataitwa mpaka kufa kwake mtoto aliyempigia vigelegele bibi yake aliyekufa. Hakuna mtu hata mmoja aliyelia pamoja na mama. Alikaa msiba wake peke yake katika nchi ya watu, kila mwaka nikamshika mkono nikampeleka ukingoni kumwonyesha moshi wa shamba la mtu mwingine, na sasa hakuna tena mahali ningeweza kwenda kumwambia kwamba nimeelewa.

Issa alikuwa bado anaigeuza kata. Binti yangu, yeye alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. Bibi wa Makote yu salama! Aliruka, pipi mkononi, macho yanang'aa, tayari kukimbilia barabarani kwa wenzake. Nikamdaka ncha ya nguo yake.

"Keti, mwanangu," nikamwambia. "Mjomba wako hajamaliza."